Siku Arlys Alipowafuata Wawindaji Porini

Ilipotimia saa nne asubuhi, Arlys Brekke alikuwa amebisha milango ishirini na tisa ya mji wa Ketola. Katika milango hiyo alikutana na wanawake kumi na saba, mbwa kumi na mmoja, na mwanamume mmoja tu, naye alikuwa na mguu uliofungwa plasta.

"Wanaume wa mji huu wako wapi?" alimwuliza Joyce Vukelich, mlango wa thelathini.

Joyce alicheka hadi akashika kizingiti. "Unaniuliza mimi? Leo ndiyo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, Arlys. Hata mama mkwe angekufa leo, angesubiri Jumatatu ndiyo azikwe."

Arlys akajipiga kofi kwenye paji la uso. Miaka sitini na saba ameishi huko kaskazini mwa Minnesota, na leo hii kampeni imemchanganya akili hadi amesahau siku ya kulungu! Alitazama karatasi yake. Majina mia moja na kumi na mawili ya watu ambao hawajaamua, na karibu wote wanaume. Jumanne ndiyo kura, na wao wameingia porini, hawatoki mpaka Jumatatu jioni.

Akarudi ofisini mbio, na goti lake bovu hivyo hivyo.

Ofisi yenyewe ilikuwa duka la viatu lililofungwa, na vile vioo vifupi vya kutazamia miguu bado vilikuwa sakafuni. Bev Tomczak, mkutubi wa mji, ndiye aliyeisimamia, simu sikio hili, kalamu sikio lile. Ukutani walikuwa wamebandika swali lenyewe kwa herufi kubwa: je, katiba ya jimbo iongezwe maneno kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu? Wao walikuwa upande wa Hapana. Sheria ya kawaida tayari ilikataza watu wa jinsia moja kuoana. Walioleta swali walitaka katazo hilo lipigiliwe msumari ndani ya katiba, lisije likang'oka kirahisi. Majimbo zaidi ya thelathini yalikuwa yamekwisha kuulizwa mambo kama hayo, na karibu yote watu walikuwa wameitikia ndiyo.

"Bev, nipe karatasi za barabara ya Ziwa Refu," Arlys akasema.

"Kule hakuna nyumba. Kuna vibanda vya wawindaji tu."

"Ndiyo maana nazitaka."

Bev akaiweka simu chini polepole. "Arlys, watu wana bunduki kule."

"Watu hao nimewapakia basi la shule tangu wana miaka sita. Nimewafuta makamasi kwa leso yangu mwenyewe. Niogope bunduki zao za nini?"

Miaka thelathini na mmoja Arlys aliendesha lile basi la njano. Kila njia ya msituni aliijua, na kila shimo la kila njia. Bev alipoona hakuna la kumzuia, alimvalisha fulana ya rangi ya chungwa kali na kofia ya rangi hiyo hiyo, ili asije akadhaniwa ni mnyama.

"Kichwa changu kimekuwa boga," Arlys akasema mbele ya kioo cha viatu, akiinama ili ajione.

"Boga hai ni bora kuliko dereva mfu. Nenda, lakini saa kumi uwe umetoka huko!"

Akapita nyumbani, akachukua mikate sita ya iliki aliyokuwa ameioka jana, akaitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kuukuu, akaondoka. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa msichana anayetoroka shule.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkaa kooni, nalo lilihusu kaka yake.

Kaka yake, Reino Kiviranta, alikuwa na miaka sabini na mmoja, mstaafu wa mgodi wa chuma, mtu ambaye ungempa maneno tisa ya siku nzima, yakabaki mawili. Aliishi na Clayton Pruitt, aliyekuwa tarishi wa posta. Walikuwa wameishi pamoja tangu Arlys ana nywele nyeusi. Mjini waliitwa "makapera wawili," na watu wakaishia hapo. Katika kitabu cha picha za waumini, ambacho kanisa lilikitoa kila baada ya miaka mitano, kila familia ilipigwa picha pamoja. Reino alipigwa peke yake, akawekwa kwenye herufi K. Clayton alipigwa peke yake, akawekwa kwenye P. Mwaka mmoja walikuwa wamevaa sweta ile ile, maana mpigapicha alikuja siku mbili tofauti, nao walikuwa na sweta moja nzuri kati yao.

Wiki mbili kabla, Arlys alikwenda kumwambia Reino kwamba amejiunga na kampeni. Alitarajia shukrani. Reino aliendelea kusugua sufuria.

"Fanya unachotaka," alisema. "Lakini mimi usinitaje. Wala Clay."

"Lakini naifanya kwa ajili yenu!"

"Nani kakutuma?"

Neno hilo lilimchoma Arlys, lakini aliahidi, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Tangu siku hiyo kila alipoulizwa mlangoni, "Wewe mjane mtu mzima, jambo hili linakuhusu nini?" alijibu kwa maneno ya karatasini, haki, uhuru, usawa, na maneno yale yalimtoka makavu kama biskuti za mwaka jana.

Kibanda cha kwanza kilikuwa cha akina Vukelich. Wanaume wanne walikuwa wamerudi kula mchana, soksi zimeanikwa juu ya jiko la kuni, harufu ya humo ni ya kuua inzi. Arlys alipofungua mlango, Rudy Vukelich, mume wa Joyce, jitu la miaka arobaini na nne, alisimama wima ghafla na kijiko mkononi.

"Bi Arlys! Nimefanya nini tena?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kaa chini, Rudy," Arlys akasema. "Leo sikushushi njiani. Nimeleta mkate."

Mkate ukakatwa. Akawaeleza kilichomleta. Wakatazamana.

"Joyce keshaniambia nipige Hapana," Rudy alisema. "Na mimi nilishaamua Hapana, lakini aliponiambia nikaanza kufikiria upya."

"Wewe mkaidi tangu darasa la kwanza. Endelea na ulichoamua mwenyewe, usimwambie Joyce, naye asifurahi."

"Hilo naliweza!"

Binamu yake, Tony, akatikisa kichwa. "Mimi swali hilo sitaligusa. Nitaliruka. Sina ugomvi na mtu."

Arlys alikuna shingo. Angeweza kunyamaza, lakini hakuwa mtu wa kumvizia mtoto aliyemlea. "Tony, nikwambie ukweli, usije ukasema Bi Arlys alinificha. Ukiliacha wazi, linahesabiwa Hapana."

"Eti nini?"

"Ili katiba ibadilishwe, Ndiyo lazima ipate zaidi ya nusu ya watu wote waliopiga kura siku hiyo, si nusu ya waliojibu swali. Asiyejibu amewapunguzia Ndiyo."

Tony alitafuna, akatafuna. "Kumbe nina msimamo na sikujua!"

Kile kibanda kilitikisika kwa kicheko. Arlys alitoka humo na Hapana tatu kati ya watu wanne, mashavu yamemwiva kwa baridi na furaha. Alitia gari moto, akaondoka na dirisha wazi. Kibanda cha pili, watano, akapata wawili. Cha tatu, mwanamume mmoja mwenye ndevu alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Bibi, Mungu akubariki, lakini hapana," yaani Ndiyo, akafunga mlango. Arlys akamwachia mkate dirishani hivyo hivyo. Cha nne walikuwa wawili, na wote wawili wakamwomba karatasi za kuwapa wake zao.

"Huu ndio uwanja wetu!" alipiga kelele peke yake ndani ya gari. "Tumekuwa tunapoteza muda mjini!"

Pengine ni kelele hizo. Kwenye mteremko wa kinamasi, mahali ambapo theluji ya jana ilikuwa imeyeyuka ikawa uji, gari likateleza, likazunguka nusu duara, likaingia mtaroni kwa heshima kabisa kama mtu anayekaa kitini. Arlys akatazama nje. Kibao kilichochongwa kwa kisu kilisomeka KIVIRANTA na mshale.

"Ewe Mungu wangu, kila pahali isipokuwa hapa," akasema.

Kibanda hicho ndicho alichokuwa amepanga kukipita bila hata kukitazama. Kilikuwa cha Reino.

Pikapu ilikuja ikiunguruma kabla hajateremka vizuri. Dereva alikuwa Gordy Sletten, rafiki wa Reino wa miaka arobaini tangu mgodini, mtu wa sauti kubwa na tumbo la kulingana na sauti hiyo. Uwanjani kwa Gordy kulikuwa na bango la Ndiyo kubwa kama mlango wa zizi.

"Arlys Brekke! Unawinda nini, kura?"

"Nawinda mtu mwenye mnyororo."

"Umempata!" Kwa dakika nne akalichomoa gari, akapangusa mikono kwenye suruali. "Sasa utakuja kunywa kahawa. Usiniambie una haraka. Umelowa hadi magotini."

Angekataaje? Alimfuata. Ndani walikuwemo watatu. Duane Ojala, mpole, alikuwa anasafisha bunduki. Clayton alikuwa jikoni na aproni, anakaanga vitunguu kwenye kikaango kipana kama usukani wa basi. Na Reino, kwenye benchi la ukutani, alimwona dada yake na kofia yake ya boga, na macho yake yakasema neno moja tu: *uliahidi.*

Arlys akatikisa kichwa kidogo kumjibu. Sijasahau.

Gordy alimmiminia kahawa, akaketi mbele yake, akaweka viwiko mezani. "Haya. Mimi nimeliona bango lako na wewe umeliona langu. Sote watu wazima. Tuambie."

Arlys akaanza na haki. Akasikia sauti yake inakauka. Akaongeza uhuru, akaongeza katiba, na Gordy anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa.

"Sawa," Gordy akamkata. "Hayo nimeyasikia redioni. Mimi nakuomba kitu kimoja tu. Nitajie mtu. Si huko Minneapolis. Hapa, Ketola. Mtu mmoja, mwenye jina, ambaye kura yangu itamuumiza. Mmoja tu, Arlys, na bango nitaling'oa."

Jina lilikuwa pale pale ulimini mwake, la moto kama kaa. Lilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa, benchini. Bango lile, sauti ya Gordy kanisani na baa na kwenye chama cha wachimbaji, watu thelathini, arobaini wanaomsikiliza Gordy, vyote kwa jina moja! Arlys akakiweka kikombe mezani.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi kwa sababu hayupo."

"Nimesema siwezi, Gordy. Sikusema hayupo."

Vitunguu vilikuwa vinachachatika. Kisha vikachachatika peke yake, maana mwiko ulikuwa umeacha kukoroga.

"Mimi nipo," Clayton akasema.

Alikuwa amegeuka na mwiko mkononi, mafuta yanamdondokea kiatuni. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa inatetemeka kama kamba iliyovutwa sana.

"Gordy, umekula chakula changu humu ndani miaka ishirini na miwili. Hivi ulidhani nafuata kulungu? Mimi hata sungura sijawahi kumpiga. Nawaogopa hao wanyama wakiwa wazima na nawaonea huruma wakiwa wafu. Nilimfuata Reino. Nimekaa naye miaka thelathini na mitatu. Na Jumanne wewe utaingia kwenye kile kichumba na kalamu, uamue kama sisi ni kitu au si kitu. Basi usiseme huna jina. Andika: Pruitt, Clayton."

Duane alikuwa anaitazama bunduki kana kwamba hajawahi kuona bunduki. Arlys hakuthubutu kumtazama kaka yake. Akamtazama hata hivyo. Reino alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, masikio yamekuwa mekundu.

"Thelathini na minne," Reino akasema.

Clayton akageuka. "Nini?"

"Miaka. Ulihamia Machi, mwaka wa sabini na nane. Barafu ilikuwa bado ziwani. Tulipitisha kabati lako juu ya barafu. Ni thelathini na minne." Akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Na vitunguu vinaungua."

Clayton alikirukia kikaango. Arlys alijikuta anacheka na machozi yanamtoka kwa wakati mmoja, akayafuta kwa ile kofia ya boga.

Gordy alikuwa amefungua mdomo. "Lakini mimi najua," akasema. "Nani asiyejua? Tumejua siku zote. Mimi nilidhani hamtaki lisemwe."

"Sikutaka," Reino akasema.

"Basi?"

"Basi nimechoka."

Gordy alisimama. Akavaa kofia, akachukua bunduki, akatoka bila kufunga mlango. Baridi ikaingia. Duane akaenda kuufunga, akabaki amesimama pale.

"Mimi ni Hapana, Clay," akasema. "Tangu mwanzo. Ila Gordy ana mdomo, na mimi sina."

Wakala chakula. Hakuna aliyesikia ladha. Urafiki wa miaka arobaini, Arlys aliwaza, nimeuingiza mtaroni pamoja na gari langu. Alitaka kuomba radhi lakini hakujua amwombe nani. Dakika ishirini zikapita, kisha nusu saa.

Mlio wa bunduki ukapasua msitu. Mmoja tu. Wote wakainua vichwa. Halafu sauti ya Gordy, kutoka mbali kwenye kinamasi, ikipasuka kwa furaha kama ya mtoto:

"Reino! Reinooo! Njoo na kamba! Njoo umwone huyu baba!"

Reino alikuwa mlangoni kabla jina lake halijaisha. Duane nyuma yake, Clayton na aproni yake, Arlys na goti lake, wote wakikimbia kwenye theluji ya uji wakiangukiana. Na kweli alikuwa baba! Kulungu dume, pembe zake zina ncha kumi, amelala kwenye nyasi za kinamasi, na Gordy amesimama ndani ya maji hadi mapajani akirukaruka.

"Kumi! Hesabu! Kumi!"

"Nimehesabu," Reino akasema. "Ni kumi."

Kamba ikafungwa. Reino na Gordy wakaipitisha mabegani, bega kwa bega kama walivyozoea, Duane akasukuma, Clayton akafumba macho na kusukuma pia. Arlys alikuwa nyuma yao kabisa, akasikia.

"Biblia ni Biblia, Reino," Gordy alisema akihema.

"Najua."

Hatua tatu, nne. Tope likanyonya buti.

"Vuta," Gordy akasema.

Wakavuta.

Jua lilipoanza kuelekea kwenye misonobari, Reino alimsindikiza dada yake hadi garini. Alisimama pale anachunguza tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Ulinyamaza," akasema.

"Nilikuahidi."

"Nilikuona. Ulivimba kama chura." Na Reino Kiviranta akacheka, kicheko ambacho Arlys hakuwa amekisikia tangu mama yao yuko hai. Halafu akauliza, "Hiyo ofisi yenu Jumatatu hufunguliwa saa ngapi?"

Bev Tomczak alikuja kuisimulia Jumatatu hiyo kwa miaka mingi. Reino aliingia saa mbili kamili asubuhi, amenyoa, amevaa tai. Akapewa simu, orodha, na karatasi ya maneno ya kusema. Aliisoma ile karatasi, akaigeuza kifudifudi, akabonyeza namba.

"Haloo. Mimi Reino Kiviranta, wa mgodini. Nina miaka sabini na mmoja na naishi na Clayton Pruitt. Ndiyo, yule yule aliyekuletea barua. Hapana, si mpangaji. Hapana, wala si binamu." Akasikiliza. "Miaka thelathini na minne, asante. Sasa kuhusu kesho."

Ofisi nzima ikageuka kumsikiliza. Akapiga ya pili, ya tatu, ya kumi. Maneno aliyoyabana miaka sabini yalikuwa yanatoka kama maji ya bwawa lililobomoka. Saa sita Arlys alimkuta anazungumza na bibi mmoja kwa dakika ya ishirini na tano.

"Reino, huyo alishapiga kura kwa posta wiki iliyopita!" Bev alimnong'oneza.

Reino akaziba simu kwa kiganja. "Najua. Lakini ana habari nzuri sana."

Alasiri Clayton naye alikuja, akaketi kwenye simu ya jirani, na ilikuwa hivi: Reino akikosea tarehe, Clayton anasahihisha kutoka upande wa pili, na yule wa kwenye simu anasikia ugomvi mdogo wa watu waliokaa pamoja mno. "Nasikia mnabishana," mtu mmoja alimwambia Reino, "kama mimi na mke wangu. Haya, nimeelewa."

Jumanne kulinyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Kampeni ilikuwa imekodi basi dogo la viti kumi na viwili kuwapeleka wapigakura, na Arlys alipokaa nyuma ya usukani ule mpana, damu ilimchemka. Alikwenda barabara za shamba, barabara za ziwa, akapiga honi mara mbili kila lango kama zamani, na watu wa miaka hamsini wakatoka mbio, makoti wameyavaa nusu, kwa mazoea. Aliwapeleka wote, wa Hapana na wa Ndiyo, hakuwauliza. Kufikia jioni alikuwa amebeba watu sitini na mmoja, na hakuna aliyethubutu kusimama gari likienda.

Foleni nje ya ukumbi wa mji ilizunguka kona. Gordy alikuwemo, mwavuli wake umepinduka kwa upepo. Bango lake Arlys alikuwa amelipita asubuhi, lilikuwa bado limesimama.

"Gordy," alimwita kupitia dirishani.

"Kura ni siri, Arlys Brekke! Usinisogelee!"

Akaingia ndani. Akatoka baada ya dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili! Hakumtazama mtu, akaenda zake.

Saa tatu usiku Arlys alijilaza kwenye kochi "dakika moja tu," redio inanguruma namba, buti miguuni. Alipofumbua macho dirisha lilikuwa jeupe na simu ilikuwa inalia.

"Uko macho?" Ilikuwa sauti ya Reino, lakini hakuwa Reino aliyemjua. Alikuwa anapiga kelele. "Uko macho, wee mwanamke? Hapana imeshinda! Jimbo zima! Wamekataa! Arlys, watu wamekataa!"

"Unasema kweli?"

"Clay anacheza jikoni! Anacheza na ufagio!"

Arlys alisimama katikati ya sebule asijue aelekee wapi. "Na sisi? Ketola?"

"Tumeshindwa."

"Kwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja tu? *Ketola?*" Bev alikuwa amewaonya wasitarajie kushindwa kwa chini ya kura mia mbili. Arlys akaanza kucheka, na Reino upande wa pili akaanza kucheka, hadi wote wawili wakawa hawawezi kusema neno. Kisha akaitupa simu, akatoka nje bila koti, akapanda lile basi lililoegeshwa uwanjani, akakandamiza honi kwa mikono miwili. Mtaa mzima uliamka. Wengine walifungua madirisha kumtukana na wengine kumshangilia, na Joyce Vukelich akatoka na gauni la kulalia, akapanda basi bila kuuliza linakwenda wapi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kuliko alivyotarajia mtu. Katazo la sheria ya kawaida lilikuwa bado lipo, lakini mwaka uliofuata bunge la jimbo likalifuta, na Agosti Reino na Clayton wakaoana uwanjani kwao, kando ya ziwa, mbele ya watu tisini. Duane alisimama upande wa Clayton. Arlys alisimama upande wa kaka yake, kwa viatu vipya vilivyombana.

Gordy alikuja amechelewa, hotuba zimekwisha. Akakaa nyuma, akala sahani mbili za samaki, akasema chumvi imezidi, akaenda kumpa Reino mkono, naye Reino akaupokea. Gordy alipiga kura gani siku ile ya uchaguzi, hakuna anayejua hadi leo, na Arlys aliacha kuuliza. Kinanda cha kodiani kilipoanza kupigwa, Gordy alikuja kumwinua Arlys wacheze dansi. Alikuwa mzito, hajui hatua hata moja, akamkanyaga kidole gumba cha mguu wa kushoto kwa nguvu zake zote.

Arlys alichechemea hadi Jumapili, na kila aliyemwuliza alimwonyesha kile kidole akicheka.